Steringi Hafi

Yapo maneno mawili ambayo mtu akiyatamka katika ukumbi wa chuo kikuu hakosi kuwaona wasikilizaji wakitabasamu: sizoni na steringi. La kwanza ni jina ambalo vijana wa Tanzania wameipa tamthilia ya televisheni iendeleayo kwa mafungu, mwaka baada ya mwaka. La pili ni jina la shujaa wa tamthilia hiyo, au wa sinema yoyote. Tabasamu la wasomi si la furaha. Ni la mtu aliyekutana sokoni na ndugu yake maskini, akatamani asimwone. Maana hukumu imekwisha kutolewa, bila ya shahidi hata mmoja kusikilizwa, kwamba fasihi ni kitu kimoja na sizoni ni kitu kingine. Na kwamba kijana anayekosa usingizi kwa ajili ya kifo cha mtu asiyekuwako, kilichoigizwa Vancouver kwa fedha za Marekani, amepotewa na akili na utamaduni pamoja.

Hukumu hiyo ni mbovu, na ubovu wake hauwadhuru vijana peke yao. Unaidhuru taaluma yenyewe. Katika vibanda vya Makambako na Njombe limekuwa likijadiliwa swali ambalo idara za Kiswahili huligusa kwa ncha za vidole: msimulizi anadaiwa nini na msikilizaji wake? Swali hilo hujadiliwa pale kwa kelele, kwa matusi mara nyingine, na bila ya istilahi hata moja. Lakini hujadiliwa na watu wenye kitu cha kupoteza.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu iendayo Zambia inapita hapo, barabara ya Njombe na Songea inaachana nayo hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina kituo chake hapo. Kila kitu kiendacho kusini au kitokacho huko hupumzika kidogo Makambako: mbao, viazi, mahindi, parachichi, madereva, na hadithi. Njombe iko mbele kiasi cha kilomita 60, juu zaidi na baridi zaidi. Mwezi wa Juni na Julai watu huingia katika kibanda umiza wakiwa wamevaa makoti juu ya makoti. Kibanda umiza, kwa msomaji aliyebahatika kutokijua, ni chumba cha mbao au cha mabati chenye televisheni, spika na mabenchi, na mabenchi yenyewe yanatosha kulieleza jina. Wengine hawaendi kibandani. Hupeleka flashi dukani wakajaziwa sizoni nzima, kisha wakaitazama nyumbani usiku kucha. Na hapo pana kichekesho kidogo cha lugha: shujaa mmoja aliyependwa sana katika miaka ile aliitwa Flash, akawa anabebwa mfukoni ndani ya kitu chenye jina lake.

Yuko kijana mmoja wa Makambako, mpakiaji wa magunia ya viazi, aliyesoma mpaka kidato cha nne na aliyemzika mama yake alipokuwa darasa la tano. Jina lake halina haja ya kutajwa. Sehemu ya mwisho ya fungu la kwanza la The Flash ilionyeshwa Marekani tarehe 19 Mei 2015. Kwake ilifika wakati wa baridi, pamoja na wanafunzi waliorudi likizo. Kisa chenyewe ni hiki. Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi, alipigwa na radi akapata mbio zishindazo sauti. Tangu utoto ana jeraha moja: mama yake aliuawa usiku na mtu mwenye mbio kama zake, na baba yake akafungwa kwa kosa asilolitenda. Sehemu 22 zinapita katika kumtafuta mwuaji. Katika ya 23 Barry anapata njia ya kukimbia hata akarudi nyuma ya wakati, mpaka usiku ule ule. Anafika. Anachungulia mlangoni. Ndani anajiona yeye mwenyewe, mtu aliyetoka katika siku za mbele zaidi, na huyo anamwashiria asiingie. Barry anatii. Anasimama nyuma ya mlango mpaka mama yake amekwisha kuchomwa kisu, ndipo anaingia, anavua kinyago, anamwambia kwamba mwanawe yu salama na mumewe yu salama, na mama anakufa mikononi mwake.

Kijana hakusema neno. Alitoka nje, akarudi, akairudisha nyuma sehemu ile akaitazama tena toka mlangoni. Wenzake walikuwa wamekwisha kuanza ubishi juu ya shimo jeusi lililofunguka angani mwishoni, kama mji utapona au utamezwa. Yeye hakuingia katika ubishi huo. Kilichomshika si shimo. Ni mkono ulioashiria: usiingie.

Msomi anayecheka hapa na akumbushwe mahali anapochekea. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulikuta maambukizo ya virusi vya UKIMWI katika asilimia 14.8 ya watu wa Njombe wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na katika asilimia 5.1 ya watu wa umri huo nchini kote. Hapakuwa na mkoa uliozidi huo. Upimaji wa mwaka 2022–23 uliikuta Njombe bado mbele ya mikoa yote, kwa asilimia 12.7 ya watu wazima. Vijana waliojaa katika vibanda mwaka 2015 walikuwa watoto katika miaka ambayo dawa za kurefusha maisha hazijafika vijijini, au zimefika kwa wachache. Kwa hiyo sinema ya mtoto asiyeweza kumrudisha mama yake si upuuzi wa kigeni mahali pale. Ni hadithi iliyofika mlangoni mwa mwenyewe ikabisha hodi.

Mwaka mmoja ukapita. Sehemu ya mwisho ya fungu la pili, ya tarehe 24 Mei 2016, ikaja. Barry amemshinda adui aitwaye Zoom, lakini Zoom amekwisha kumwua baba yake vilevile. Akiwa amejaa uchungu anakimbia tena mpaka usiku ule, na mara hii haashiriwi na mtu. Anaingia, anamkamata mwuaji, anamwokoa mama. Fungu likaishia hapo. Kibanda kililipuka kwa shangwe; wengine walisimama juu ya mabenchi. Kijana wa Makambako hakushangilia. Aliuliza swali ambalo lingestahili kuandikwa juu ya mlango wa kila darasa la fasihi: "Sasa mwaka jana tulilia nini?"

Swali hili ni uhakiki kamili, ingawa limesemwa na mtu aliyekaa juu ya gunia. Kama kifo cha mama kingeweza kufutwa kwa mbio za dakika moja, basi ule mkono ulioashiria haukuwa hekima. Ulikuwa hila ya kuokoa muda mpaka mwaka wa pili. Wala mambo hayakuishia hapo. Sehemu ya kwanza ya fungu la tatu, ya tarehe 4 Oktoba 2016, ilimwonyesha Barry akiishi na wazazi wake kwa muda wa miezi mitatu, akipotewa na kumbukumbu zake, na mwishowe akimfungulia mwuaji kutoka kizuizini ili arudi akamwue mama kama alivyomwua kwanza. Mama alikufa, akafufuka, akauawa tena kwa ruhusa ya mwanawe. Haki itendeke: waandishi waliligharimia kosa lile, na watu kadha wa kadha katika hadithi walidhurika kwa sababu yake. Lakini gharama ile ililipwa na wengine. Yule aliyelia mwaka 2015 hakurudishiwa chozi lake.

Ndipo ile kauli ya vibandani, kwamba steringi hafi, inapotaka kuelezwa kwa uangalifu kuliko inavyoelezwa na wale waionao kuwa alama ya utoto. Watazamaji wa Njombe si wajinga wa kudhani kwamba shujaa hafi kwa sababu ana nguvu. Wanajua kwamba hafi kwa sababu anahitajiwa wiki ijayo. Wamekwisha kulikubali jambo hilo kabla ya kukaa katika benchi, kama msikilizaji wa ngano alivyokubali kwamba sungura atapona. Ni mapatano. Na kwa kuwa ni mapatano, hofu yao yote huhama kutoka kwa shujaa ikawaendea wale waliomzunguka: mama, rafiki, mchumba, mwalimu. Steringi hafi, wanaokufa ni watu wake. Hao ndio rehani ya hadithi. Sasa mwandishi akianza kuwarudisha hao nao, mmoja kwa mlango wa wakati, mwingine kwa mlango wa dunia ya pili yenye watu wenye sura zilezile, hapabaki rehani yoyote, na mtazamaji anakuwa ametoa moyo wake kwa mtu asiye na dhamana.

Mfano wa pili ni mfupi. Sizoni ya Arrow, ndugu ya The Flash, ilimaliza fungu lake la tano tarehe 24 Mei 2017 kwa kisiwa kulipuka chote, shujaa akitazama toka mashuani, na karibu watu wote awapendao wakiwa kisiwani. Kwa miezi minne na zaidi vijana walikuwa na msiba wa kubuni. Walihesabu majina kama watu wanavyohesabu baada ya ajali ya basi. Oktoba ilipofika ikajulikana kwamba aliyekufa ni mmoja, mama wa mtoto wa shujaa, na aliyezimia ni mmoja. Waliobaki walitembea wakatoka. Kisiwa kizima kiliteketezwa kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hadithi haikumhitaji sana. Kijana wa Makambako alisema kwamba ameona magari yaliyopinduka barabarani yenye hesabu ya kweli kuliko hiyo.

Wasomi wana jibu la haraka kwa haya. Husema: hiyo ni biashara, ulitazamia nini? Jibu hili ni sahihi na ni la uvivu. Ni kweli kwamba ni biashara, na yafaa ielezwe inavyoendeshwa, maana wengi wanaoitaja hawaijui. Vituo vya Marekani vilizoea kuanza mafungu yao wakati wa vuli na kuyamaliza mwezi wa Mei, kwa sababu Mei ulikuwa mmojawapo wa miezi ambayo watazamaji huhesabiwa ili bei ya matangazo ya biashara ipangwe; na katika mwezi huo huo vituo vilikuwa vikiwatangazia wafanyabiashara tamthilia zitakazorudi. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya fungu haikutungwa kumridhisha aliyetazama. Ilitungwa kumtia wasiwasi asiweze kuondoka. Mwaka 1980 sizoni ya Dallas ilimwacha tajiri wake akiwa amepigwa risasi tarehe 21 Machi, na mwenye bastola hakujulikana mpaka tarehe 21 Novemba. Dunia nzima ikasubiri, na tangu hapo kila mtunzi akataka kuwa na risasi yake.

Walakini kueleza biashara si kuhukumu hadithi. Viazi vya Njombe ni biashara pia, na mnunuzi wa Makambako akikuta mawe chini ya gunia haambiwi kwamba ulitazamia nini. Anarudishiwa fedha, au pana ugomvi. Ajabu ya wasomi ni kwamba wanamtetea mwuzaji wa hadithi kwa hoja ambayo hawataikubali kwa mwuzaji wa kitu kingine chochote, kisha wanamlaumu mnunuzi kwa kukasirika.

Na haikosi siku ambayo mwuzaji mwenyewe hutoweka na gunia. Sizoni ya Legends of Tomorrow ilimaliza fungu lake la saba tarehe 2 Machi 2022 kwa mashujaa wake wote kukamatwa na walinzi wa wakati na kuchukuliwa. Ilikuwa ndoana ya kuvulia fungu la nane. Mwishoni mwa Aprili kituo kikaifuta sizoni. Mashujaa wale walibaki mikononi mwa walinzi, wala hapakutolewa fungu la nane la kuwatoa. Mtazamaji aliyewafuata kwa miaka sita hakupewa hata tangazo la msiba.

Sasa neno moja juu ya taharuki, maana hapa ndipo taaluma inapohusika kwa jina. Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba taharuki ni ile hali ya kumtia msomaji hamu ya kujua yatakayofuata. Hufundishwa kwamba ni mbinu, na kwamba mbinu ni sifa, na kwamba kazi yenye taharuki nyingi ni bora kuliko yenye chache. Huitaja katika mtihani, akatoa mifano mitatu, akapewa alama. Hapana anayemwambia kwamba taharuki ni mkopo. Msimulizi anayeificha habari amekopa subira ya msikilizaji, na mwisho wa hadithi ndio siku ya kulipa. Anayekopa bila ya kulipa, akakopa tena ili kuahirisha deni la kwanza, hasemwi kuwa ni stadi wa fedha. Mambo haya yanajulikana na mwanachama yeyote wa kikundi cha kuweka na kukopa. Darasani hayajulikani, kwa sababu darasani taharuki imewekwa katika orodha pamoja na tashbiha na takriri, kama kwamba ni pambo la shingoni.

Yawezekana kupingwa kwamba hadithi za kuning'inizwa si uzushi wa Marekani. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, aliyezoeleka kwa Waswahili kabla hata ya tafsiri zilizochapishwa zama za ukoloni, alikata hadithi zake alfajiri kila siku kwa makusudi. Ni kweli. Lakini na itazamwe shingo iliyokuwa hatarini. Shahrazadi aliahirisha mwisho kwa kuwa mwisho wa hadithi ulikuwa mwisho wa maisha yake. Aliyeteseka kwa kungoja alikuwa mfalme mwuaji. Na usiku wa elfu na moja ulipofika alimaliza. Deni lililipwa, na mfalme akapata akili. Katika sizoni mambo yamegeuzwa: msimulizi yu salama katika kiti chake, na kamba iko shingoni mwa msikilizaji.

Mapokeo ya Kiswahili yenyewe yalikuwa makali mno juu ya jambo hili. Watunzi wa tenzi hawakuridhika kumaliza kisa tu. Wengi wao walitaja jina lao, wakaomba radhi kwa makosa, wakaweka na tarehe. Ndiyo sababu Utenzi wa Tambuka wa Bwana Mwengo unajulikana kuwa ni wa mwaka 1728. Huko ni kutia sahihi chini ya hati ya deni lililolipwa. Na shujaa mkubwa wa pwani, Fumo Liyongo, ambaye hadithi yake Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 na Muhammad Kijumwa akaifanyia utenzi mwaka 1913, alikuwa na kila kitu alicho nacho shujaa wa televisheni: nguvu zipitazo za watu, mwili usioingiwa na silaha, siri moja ya udhaifu, adui mwenye kiti cha enzi. Siri ilikuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeifichua ni mwanawe mwenyewe. Liyongo alichomwa usingizini. Akaamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti akiwa ametega mshale, akafa hivyo hivyo. Watu hawakuthubutu kuteka maji. Walimwona yu hai, kumbe amekufa. Mama yake akaletwa kumbembeleza kwa mashairi, mpaka mwili ulipoanguka wakajua.

Na ilinganishwe taharuki ile na ya kisiwa kilicholipuka. Hapa pia watu wanangoja, siku kadha wa kadha, wasijue kama shujaa yu hai. Hapa pia msimulizi anacheza na hofu. Lakini hofu ile inatoka katika ukubwa wa mtu aliyekufa, na ikiisha haiwi utani. Wala mji mzima wenye kiu haukuwekwa pale ili msikilizaji arudi mwakani. Mwana msaliti naye hakupata alichoahidiwa. Kila aliyekopa amelipa.

Wala isidhaniwe kwamba hoja hii inadai kila shujaa azikwe. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960, hakufa kwa kufuata visa vyake. Willy Gamba wa Elvis Musiba alitoka mzima katika Kufa na Kupona mwaka 1974 akarudi katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979. Steringi hawakufa. Lakini kila kitabu kilifunga kesi yake, na waliokufa ndani yake walibaki wamekufa. Msomaji aliyenunua kimoja tu hakudhulumiwa.

Wala haidai kwamba kila swali lijibiwe. Hili ndilo kosa ambalo watetezi wa sizoni, kwa kuwa wapo wachache hata vyuoni, hupenda kujifichia. Husema mwisho ulioachwa wazi ni alama ya usanii wa kisasa. Lakini mwisho ulioachwa wazi na mwisho ulioahirishwa si ndugu. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile, mwaka 1969, alimwacha nabii wake gerezani, amepigwa, akitakiwa akiri kwamba maji ni uwongo, naye anakataa. Msomaji anaondoka bila ya kujua ahukumu vipi. Je, neno lile lilikuwa uwongo uliowaua watu, au ukweli uliowaunganisha? Mchezo hautoi jibu, wala haukuahidi kulitoa katika fungu la pili. Umekwisha. Swali ndilo lililolipwa.

Na kwa watu wa Njombe mfano huo si wa vitabuni. Wabena chini ya Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi mwezi wa Septemba mwaka 1905, na katika vita vile neno lililokuwa likienda toka kijiji hadi kijiji lilikuwa la nguvu zipitazo za binadamu: kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Nchi ile ilikuwa na hadithi yake ya miili isiyoingiwa na risasi kabla ya mwandishi yeyote wa Marekani kumvika mtu nguo nyekundu. Risasi hazikugeuka. Baadaye ikaja njaa, mashamba yakiwa yamechomwa, na wanahistoria wamekadiria waliokufa katika Maji Maji kwa ujumla kuwa maelfu kwa mamia. Hapakuwa na mtu wa kukimbia akarudi mpaka Septemba ile. Anayewaambia wajukuu wa vita vile kwamba wanapenda mashujaa kwa kuwa wameiga wageni, hajasoma historia ya barabara anayopitia kwenda likizo.

Yupo mtu mwingine katika habari hii ambaye taaluma imemtupa, naye ni mtafsiri wa kibandani. Kazi yake ina asili ndefu: majaribio ya sinema za elimu yaliyofanywa Vugiri, Tanga, kati ya mwaka 1935 na 1937, nayo yalihitaji sauti ya kuieleza picha kwa lugha ya watazamaji. Katika zama za video walitokea Lufufu na DJ Mark Tanzania, DJ Afro Kenya, na wenzao wa Uganda, ambao hawafasiri maneno tu bali husimulia, hukemea, hutania, huwapa wahusika majina ya mitaani. Matthias Krings, mtaalamu wa Kijerumani, aliandika makala nzima juu ya watafsiri wa Tanzania, na katika jina lake akaifananisha kazi hiyo na kuugeuza wali kuwa pilau. Ni aibu kidogo kwamba pilau hilo lilihitaji Mjerumani wa kulionja. Maana mtafsiri ndiye aliyebaki na desturi ya zamani ya kumwonea haya msikilizaji. Sinema ikikatika hovyo, yeye ndiye anayetazamwa na kibanda, wala si mwandishi aliyeko California. Hivyo hutafuta neno la kufungia. Mara nyingi ni neno la upuuzi. Lakini anajua kwamba anadaiwa.

Kijana naye ana hatia yake, wala makala ya ubishi haipaswi kumpamba. Alikasirika mwaka 2016, akapeleka flashi yake dukani mwaka 2017. Alilaani kisiwa cha Arrow, akakaa mbele kabisa Oktoba ilipofika. Wapo vijana waliouza simu wakanunua nyingine yenye nafasi kubwa ya kuhifadhia sizoni, na wapo waliofeli mtihani wakijua ndugu wote wa Barry Allen. Huo ni udhaifu, na walimu wana haki ya kuukemea. Lakini aliyedanganywa mara kumi akarudi mara ya kumi na moja hajathibitisha kwamba uwongo ni mzuri. Amethibitisha kwamba ana njaa, na njaa yake ni ya mwisho wa kweli. Chakula hicho kimo ghalani mwa Kiswahili, na ufunguo unao mikono inayomcheka.

The Flash ilikwisha tarehe 24 Mei 2023, baada ya mafungu 9 na sehemu 184. Kijana alikuwa ameiacha zamani. Siku hizi, lori likichelewa, wapakiaji wenzake humtaka awasimulie, naye huwasimulia ile sehemu ya mwaka 2015 na kuishia pale mama anapofariki. Wakimwuliza yaliyofuata husema hayakufuata.

Pendekezo basi ni dogo, na linaweza kutekelezwa bila ya bajeti. Watungaji wa mitihani ya fasihi na waache kuuliza mbinu za taharuki zimetumikaje, na badala yake waulize: taja hadithi iliyokopa subira yako isikulipe, ueleze ilikudhulumu wapi, kisha uilinganishe na kifo cha Liyongo. Hadithi iwe yoyote, iliyochapishwa au iliyojazwa katika flashi. Wako watahiniwa Njombe watakaolijibu swali hilo kwa kurasa nne bila ya kufungua mwongozo.